Mchungaji Hali Upepo

Yapo mambo ambayo katika kikao cha wazee wa kanisa huzungumzwa kwa sauti kubwa, na yapo yale yanayotajwa kwa kunong'ona. Paa likivuja, kila mzee ana la kusema. Spika za kwaya zikikoroma, fundi atapatikana, na mtu wa kutoa ahadi naye atapatikana. Lakini inapofikiwa ajenda ya matunzo ya mchungaji, wazee huanza kutazama saa. Aghalabu mwenyekiti wa kikao ni mchungaji mwenyewe, hivyo inambidi aisome ajenda hiyo kwa mdomo wake, kisha akae kimya asubiri wengine waseme. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo miaka mingi, katika sehemu mbalimbali nilizopangiwa kufundisha, na sasa hapa Chanika nilikojenga baada ya kustaafu. Ukimya ule nimeukuta kila mahali.

Sidhani kwamba watu wetu ni wachoyo. Mtu huyo huyo anayekaa kimya ndiye atakayempeleka mtoto wa jirani hospitali usiku kwa nauli yake. Nadhani tatizo letu ni kwamba hatujapata kukaa tukajiuliza kazi ya kuliongoza kanisa ilitufikiaje mikononi, na kwa gharama ya nani. Tumelikuta kanisa limesimama, tukadhani limekuwa likisimama lenyewe. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nimeona nieleze kidogo historia. Mimi ni mwalimu, na mwalimu akitaka watu waelewe jambo huanza na lilikotoka.

Walioachiwa kundi

Sisi wa Chanika hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta historia hiyo. Vilima vya Pugu na Kisarawe ni majirani zetu. Wamisionari wa Kibenediktini walifika Dar es Salaam mwanzoni mwa 1888 wakaanzisha kituo chao Pugu. Mwaka mmoja tu baadaye, Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo kile kilishambuliwa. Watawa watatu waliuawa na wengine wakatekwa. Wamisionari Waprotestanti kutoka Berlin walikuwa wamekwisha kufika pwani mwaka 1887, wakiongozwa na Johann Jakob Greiner. Mwaka 1892 walifungua kituo Kisarawe, na mwaka 1895 kingine Maneromango, ndani zaidi ya Uzaramo.

Wengi wa wakazi wa kwanza wa kituo cha Kisarawe walikuwa watu waliokombolewa utumwani, na watoto walikuwamo. Hawakuwa Wazaramo. Walikuwa wametolewa bara, wengine mbali sana, wakapoteza ndugu na kwao. Mmoja wa watoto waliolelewa katika mazingira hayo ni Martin Ganisya, ambaye asili yake ilikuwa upande wa Ziwa Nyasa. Alisoma, akawa mwalimu, akatumika Dar es Salaam.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini, hatimaye wakaondolewa nchini. Ushirika wa Walutheri ukabaki bila mchungaji Mzungu hata mmoja, bila fedha kutoka Berlin, katika mji uliojaa njaa, maradhi na wanajeshi. Aliyebaki na kundi ni mwalimu Ganisya. Aliongoza ibada, akafundisha, akawashika Wakristo pamoja. Tukumbuke mtu huyu alikuwa nani. Alikuwa mtu aliyekuwa mtumwa, asiye na ukoo wa kumtetea katika nchi ya Wazaramo, na mamlaka aliyokuwa nayo ni ile tu ambayo watu walikubali kumpa. Angetetereka, watu wangetawanyika kila mmoja na njia yake, na wala hakuna ambaye angeweza kuwalaumu. Hawakutawanyika.

Hali hiyo haikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Kule Bukoba, Waprotestanti wa kwanza wa Kihaya walikuwa wamejifunza kusoma kwa wenzao wa Buganda kabla mmisionari wa Kijerumani hajakanyaga kwao. Wamisionari wa Bethel walipofika mwaka 1910 waliwakuta wasomaji tayari, na miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Andrea Kajerero. Vita vilipowaondoa wale Wajerumani, Kajerero na wenzake ndio walioendelea kulichunga kundi. Katika miaka ya 1920 walikuja Wamethodisti kutoka Afrika Kusini kulisimamia, kisha nao wakaondoka, na Wajerumani wakarudi. Wageni walibadilishana zamu, lakini mwenyeji alibaki pale pale. Ni katika kanisa hilo la Bukoba alikotoka Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wapo waliomshangilia siku ile bila kujua kwamba nyuma yake walisimama walimu wa vijijini waliokataa kufunga milango ya kanisa miaka 60 kabla.

Kwa upande wa Waanglikana mambo yaligeuka kinyume. Hao walikuwa chini ya wamisionari Waingereza, hivyo wakati wa vita Wajerumani ndio waliowatia kizuizini. Walimu na makasisi Waafrika nao walikamatwa, wakashukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakateswa na kufungwa kwa sababu tu ya kanisa walilolitumikia. Mwalimu wa kijijini ambaye pengine hakuwa na zaidi ya kitabu cha sala na ubao alijikuta gerezani kwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya.

Nasisitiza habari hizi kwa sababu moja. Tunapofikiria mwanzo wa makanisa yetu huwa tunamwona Mzungu mwenye ndevu na kofia ngumu. Alikuwapo, na wengi wao walizikwa hapa kwa homa. Lakini katika saa ya dhiki, wakati fedha na mamlaka vilipotoweka kwa pamoja, kanisa lilibaki mikononi mwa watu wa aina yetu: walimu na wazee, na akina mama walioleta mihogo ili mwalimu asilale njaa. Hao akina mama majina yao hayakuandikwa popote. Lakini mwalimu asiyelipwa na mtu, aliyeendelea kufundisha miaka ile, ni wazi kwamba kuna aliyekuwa akimlisha.

Kasisi wa Chitangali

Upo mfano mwingine, wa zamani kuliko hiyo, unaotufundisha upande wa pili. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Kiungani, Unguja. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, na mwaka 1890 Askofu Smythies akamweka wakfu kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Alipelekwa Chitangali, huko kusini upande wa Newala, akiwa na mkewe na watoto, katikati ya watu wa kabila lake asiowajua tena. Alifanya kazi kubwa. Watu walibatizwa, shule ikasimama, mtawala wa pale akawa rafiki na mshirika wake. Hakukuwa na Mzungu wa kumsimamia kila siku, na kazi haikuharibika.

Smythies alifariki mwaka 1894. Waliomfuata hawakuwa na imani ile ile juu ya Mwafrika kuongoza peke yake. Majaliwa naye alikuwa na mzigo wa nyumbani, maana watoto walikuwa wakikua na alitaka wapate elimu ambayo Chitangali haikuwa nayo. Mwaka 1897 alirudi Unguja. Pale aliwekwa chini ya wengine, katika mji ambamo mtu aliyekuwa ameongoza nchi nzima alikuwa sasa msaidizi tu.

Nikiisoma habari hii huwa najiuliza swali ambalo wanahistoria wa kanisa hawaliulizi sana. Je, wazee wa Chitangali walijua kwamba kasisi wao anahangaika juu ya watoto wake? Yawezekana walijua. Yawezekana walidhani kwamba mambo ya kasisi ni ya askofu na misheni, si yao. Katika mfumo wa wakati ule wasingekosea kufikiri hivyo, kwani aliyemleta ndiye aliyemtunza. Lakini matokeo yake ni kwamba mchungaji mwema aliondoka, si kwa sababu waumini walimkataa, bali kwa sababu maisha yake ya nyumbani hayakuwa ajenda ya mtu yeyote pale alipokuwa.

Mshahara wa mwalimu na sadaka ya mchungaji

Hapa niingie katika jambo ninalolifahamu vizuri zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Katika miaka ya mwanzo mwalimu na mwinjilisti alikuwa mtu mmoja. Asubuhi alifundisha watoto kusoma, jioni akafundisha katekisimu, Jumapili akaongoza ibada. Nyumba yake ilikuwa ile ile, shamba lake lile lile, na watu waliomlimia walijua wanamlimia mwalimu wao na kiongozi wao wa sala kwa pamoja.

Serikali ya Kiingereza ilibadili jambo hilo, pengine bila kukusudia. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Mwaka 1925 serikali na misheni zikakutana Dar es Salaam, na mwaka 1927 ikatoka Sheria ya Elimu. Tangu hapo shule ya misheni iliyotimiza masharti, yenye mwalimu mwenye cheti, ilipata ruzuku. Shule ndogo za vichakani hazikupata. Hivyo mwalimu mwenye cheti akaanza kupata mshahara unaoeleweka, unaotoka mwisho wa mwezi. Mwinjilisti na mchungaji wakabaki na kapu la sadaka.

Tofauti ile ilikua mwaka hadi mwaka. Kijana mwenye akili alipomaliza masomo ya misheni alikuwa na njia mbili mbele yake, na kila mtu aliona ni ipi yenye baiskeli. Wapo waliochagua uchungaji hata hivyo, na hao ndio waliolibeba kanisa. Mafunzo yao nayo yaliimarishwa: chuo cha theolojia cha Walutheri kilianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954. Mchungaji sasa alisoma kwa miaka, akarudi na maarifa, lakini kapu lilikuwa lile lile.

Hatua ya mwisho ilikuja baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, ambapo serikali yetu huru ilizitwaa shule za mashirika ya dini ili watoto wote wasome bila ubaguzi. Mimi ni tunda la uamuzi huo na sina ugomvi nao. Nilisomea ualimu katika chuo cha serikali, nimesomesha watoto wa Waislamu na Wakristo katika darasa moja, na ningeulizwa leo ningeuunga mkono tena. Hata hivyo, katika maisha ya kanisa ulikata uzi wa mwisho uliomwunganisha mwalimu na mchungaji. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali, mwenye mshahara, likizo na pensheni. Mchungaji aliyenibatizia watoto alikuwa na nini? Nilikuwa nikimsalimu kila Jumapili, lakini sikuwa na wajibu wowote ulioandikwa juu ya mkate wake. Tulizoea hivyo, na mazoea yana taabu. Ndiyo maana hata leo muumini anaweza kukasirika mshahara wake ukichelewa wiki mbili, lakini asione ajabu kwamba mchungaji wake amekaa miezi mitatu bila posho.

Nitoe mfano mmoja bila kutaja mahali. Katika miaka ya 1980, katika wilaya moja ya bara niliyokuwa nikifundisha, mchungaji mmoja alistaafu baada ya utumishi wa zaidi ya miaka 30. Ilikuwa miaka migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, na kitenge kilikuwa mali. Ushirika ulimwandalia sherehe. Alipewa mbuzi, shuka na hotuba nyingi nzuri. Jumatatu yake ikafahamika kwamba mzee yule hana pa kwenda. Alikuwa ameishi nyumba za kanisa tangu ujana, akihamishwa huku na huku, na posho yake ilikuwa imeishia kwenye karo na kwenye wageni, maana nyumba ya mchungaji haikosi mgeni. Mchungaji mpya alikuwa njiani na nyumba ilitakiwa. Yule mzee alikwenda kuishi kwa mtoto wa dada yake, chumba kimoja, na mkewe. Hakulalamika hata siku moja. Kutolalamika kwake ndiko kulikotuumiza.

Kujitegemea si kumwachia mtu ajitegemee

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja, KKKT, na Askofu Stefano Moshi akawa kiongozi wake wa kwanza. Miaka minne baadaye likaja Azimio la Arusha, na neno kujitegemea likaingia kila mahali, hadi kwenye mahubiri. Upande wa Kenya, kanisa la Kipresbiteri lilikuwa na wito wake wa Jitegemea, na mwaka 1971 katibu mkuu wake, Mchungaji John Gatu, alishangaza ulimwengu alipotaka wamisionari na fedha za kigeni visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote, Lusaka, ukaitikia wito huo.

Wengi walimpinga Gatu. Wengine walisema hana shukrani, wengine wakasema makanisa yatakufa. Naona jambo aliloligusa lilikuwa la kweli. Anayemlipa mchungaji ndiye, polepole, anayeamua mchungaji aogope nani. Akilipwa na watu wa mbali, ataandika ripoti za kuwapendeza watu wa mbali. Akilipwa na tajiri mmoja wa ushirika, ataangalia uso wa tajiri yule kabla ya kuhubiri juu ya dhuluma. Asipolipwa na mtu, atalazimika kutafuta njia, na njia nyingine hazifai kusimuliwa. Akitunzwa na kundi zima, kila mtu kwa kidogo chake, hapo ndipo anapokuwa huru kuliambia kundi zima ukweli.

Hapa jirani yetu, Pugu, tuna mfano usio wa kanisa lakini wenye fundisho hilo hilo. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya kufundisha katika shule ya Pugu kwa sababu ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Alirudi kwao Butiama kwa miezi kadhaa bila mshahara wa shule. Kwamba baadaye aliweza kurudi na kukitumikia chama muda wote ni kwa sababu wapo watu, wengi wao wa kipato kidogo, walioamua kwamba kiongozi wao naye hula. Kadi ya chama ililipiwa senti kwa senti. Walioungana kwa senti walipata nchi.

Tatizo letu katika makanisa ni kwamba tulilielewa neno kujitegemea vibaya. Tulidhani maana yake ni mchungaji ajitegemee: afuge kuku, alime, afanye biashara, na akipata nafasi aje kutuhubiria. Kulima si aibu, na mtume Paulo mwenyewe alishona mahema. Lakini Paulo huyo huyo alipowaandikia Wakorintho aliwakumbusha kwa maneno makali kwamba anayepanda mizabibu hula matunda yake, na anayechunga kundi hunywa maziwa yake. Kuacha haki yake lilikuwa shauri lake mwenyewe. Wakorintho hawakuwa na ruhusa ya kumwamulia.

Mzee wa kanisa ana kazi gani

Nirudi sasa Chanika. Miaka 30 iliyopita huku kulikuwa mashamba ya mihogo, minazi, mikorosho na miembe, na nyumba za Wazaramo hapa na pale. Leo watu wanamiminika kutoka mjini kutafuta kiwanja wanachokiweza. Kila mwezi tunapokea sura mpya kanisani. Wengi wanajenga, na anayejenga hana fedha, hilo tunalijua. Pia hapa tunaishi na ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi na wenyeji kuliko sisi, nao wanatuona. Wanaona kama tunamheshimu kiongozi wetu au tunampigia makofi tu.

Kwa maoni yangu kazi ya mzee wa kanisa ni nne, na zote zimo katika historia niliyoieleza.

Ya kwanza ni hesabu. Tuchukue mfano wa ushirika wenye watu wazima 200. Kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya mchungaji pekee, zitapatikana shilingi 400,000. Si utajiri, lakini zikitoka kila mwezi bila kukosa, mtu anaweza kupanga maisha. Kinachomchosha mchungaji zaidi ya udogo wa posho ni kutojua kama itakuwapo. Mnada wa kuku na mayai baada ya ibada ni desturi nzuri inayotuchangamsha, lakini nyumba ya mtu haiendeshwi kwa mnada. Na mahesabu yasomwe mbele ya watu wote. Mahali ambapo mtunza hazina husoma vitabu bila kuficha, nimeona sadaka ikipanda bila mahubiri ya kulaumu. Mahali panapofichwa, hata mkarimu hufunga mkono, na anayeumia si mwizi bali mchungaji.

Ya pili ni kuugawa mzigo. Kitabu cha Kutoka kinasimulia jinsi Musa alivyokuwa akiamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, mkwewe Yethro akamwonya kwamba atajichosha bure, achague watu wa kumsaidia. Nchini mwetu mchungaji mmoja huwa na mitaa mitano au sita, misiba, ndoa zenye mgogoro, vijana, vikao vya jimbo na vya dayosisi. Mzee anayesubiri mchungaji aje ndipo mgonjwa aombewe hajaijua kazi yake. Wakati wa Ganisya hakukuwa na wa kusubiriwa. Kama wao waliweza kulishika kanisa bila mchungaji kabisa, sisi tunashindwaje kulishika pamoja naye?

Ya tatu ni ukweli. Kumtunza mchungaji hakumaanishi kumwabudu. Siku hizi, hasa huku pembezoni mwa jiji, wamezuka watumishi wanaotaka waumini wawape bila kuuliza, na wapo wanaodhani kumwuliza mchungaji ni dhambi. Mzee wa kweli humwendea mchungaji wake nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, akamwambia lililo baya. Akitoka nje humtetea kwa lililo jema. Tulio wengi tunafanya kinyume: mbele yake tunamsifu, barabarani tunamsema. Jambo hilo limewavunja wachungaji wengi kuliko njaa.

Ya nne ni nyumba yake na uzee wake. Hapa ndipo namkumbuka Majaliwa na watoto wake, na yule mstaafu wa chumba kimoja. Mke wa mchungaji na watoto wake hawakuitwa na kikao, lakini wanalipa gharama ya wito. Ushirika uulize watoto wanasomaje. Ulipe michango ya hifadhi ya jamii kama mwajiri mwingine yeyote anavyotakiwa, na umsaidie mtumishi wake apate kiwanja angali na nguvu, badala ya kumsubiri azeeke ndipo umchangie mbuzi.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba mchungaji akitunzwa vizuri atabweteka, na kwamba wale wa zamani walitumika kwa shida wakawa watakatifu zaidi. Hoja hiyo naiheshimu kwa sababu imejengwa juu ya ukweli: wale wa zamani walikuwa watu wa ajabu. Lakini tusiigeuze fadhila yao kuwa kisingizio chetu. Shida yao iliwajia kwa vita na ukoloni, haikupangwa na waumini wao katika kikao. Shida ya mchungaji wa leo, mara nyingi, imepangwa na sisi, kwa ukimya wetu pale ajenda inapotajwa. Na yupo mwingine anayetazama: kijana wa kwaya mwenye kipaji, anayesikia sauti ikimwita, anayeiangalia nyumba ya mchungaji kwa miaka mitano kisha akaamua kwenda kusomea uhasibu. Huyo hatatuambia kitu. Tutakuja kumtafuta mchungaji wa kuwazika watu wetu, tusimpate.

Katika ushirika wetu tumekwisha kuzungumza juu ya kubadili mpangilio wa bajeti, ili matunzo ya mchungaji na mwinjilisti yawe mstari wa kwanza badala ya kuwa yale yanayobaki baada ya saruji na spika kununuliwa. Wengine wanaona ni jambo dogo la makaratasi. Mimi nimesimamia bajeti za shule kwa miaka mingi, na najua kwamba mstari wa kwanza hulipwa na wa mwisho huahirishwa. Naliunga mkono pendekezo hilo, na kwenye kikao kijacho nitaomba lipigiwe kura. Tena nitaomba mchungaji atoke nje kidogo, mzee mwingine ashike kiti, ili tulizungumze kwa sauti.